Kigari cha gofu cha mtumba: anza na betri

Mnaotafuta kigari cha gofu cha mtumba hapa Nyali au Shanzu, msihadaike na rangi mpya. Inua kiti uzione betri. Kigari cha volti 48 mara nyingi hubeba sita za volti 8, na zote ziwe za umri mmoja. Zikijaa chaji, jumla isome volti 50 hivi. Kisha pandeni nacho kilima watu wawili, upime volti za betri moja moja: ikiwepo inayoshuka kuliko nyingine, jiandae kununua seti nzima, na muuzaji apunguze bei hasa. Halafu lala chini ugonge fremu kwa bisibisi, maana chumvi ya bahari haina huruma, hasa kwa vigari vilivyotumika hoteli za ufuoni. Fremu ya alumini ina nafuu. Breki na matairi ni mambo madogo.