Jinsi ya Kuilinda Akiba Yako Bei Zinapopanda na Shilingi Inapodhoofika

Kazi yangu hapa Kisumu ni kukagua vitabu vya vikundi vya akiba, na kila shilingi inapoyumba huulizwa swali lile lile: je, ninunue dola? Huwajibu kwamba dola ni hatua ya mwisho, tena si ya kila mtu, kwa kuwa zipo hesabu zinazoitangulia.

Hatua ya 1: Pima hasara yenyewe. Shirika la Taifa la Takwimu hutangaza mfumuko wa bei mwishoni mwa kila mwezi, lakini kiwango hicho ni wastani wa nchi nzima, ilhali nyumba yako ina unga wake, karo yake na nauli yake. Andika bei za vitu unavyonunua kila mwezi, kisha uzilinganishe na riba unayolipwa. Tuseme umeweka shilingi 100,000 benki kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Riba ni shilingi 4,000, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 15, ambayo benki huikata kabla ya kukulipa, unabaki na 3,400. Ikiwa bei zimepanda kwa asilimia 6, vitu ulivyoweza kununua kwa 100,000 sasa vinahitaji 106,000, kwa hiyo umepungukiwa na 2,600 ingawa salio limeongezeka.

Hatua ya 2: Igawe akiba kulingana na siku ya kuitumia. Fedha za dharura na za karo ya muhula ujao zikae mahali pa kutoa upesi, hata kama riba ni ndogo. Zinazobaki ndizo za kuhangaikia.

Hatua ya 3: Kagua leseni kabla ya riba. Mfuko wa soko la fedha, yaani ule unaokusanya fedha za watu wengi na kuzikopesha kwa muda mfupi, uwe umeidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na sacco inayopokea amana za kutolewa wakati wowote iwe na leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia sacco. Kumbuka pia kwamba bima ya amana, ambayo hulipa hadi shilingi 500,000 kwa mteja benki ikifilisika, haigusi mifuko hiyo wala sacco. Anayekuahidi faida kubwa isiyo na hatari yoyote, mwache aende zake.

Hatua ya 4: Ikopeshe Serikali. Fungua akaunti ya DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu wa kununulia hati za Serikali, kwa simu, ukiwa na kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) na akaunti ya benki. Hati za Hazina ni za siku 91, 182 au 364, na hununuliwa kwa bei iliyo chini ya thamani yake, kisha hulipwa kamili zinapoiva. Mtu wa kawaida achague zabuni isiyo ya ushindani, yaani asitaje riba anayoitaka, bali apokee riba ya wastani wa mnada. Wasio na kiasi cha chini kinachotakiwa huingia kupitia mfuko wa soko la fedha, ambao wenyewe hununua hati hizo hizo.

Hatua ya 5: Bidhaa, kwa anayezijua. Huku magharibi wengi hununua mahindi ya Kitale wakati wa mavuno na kuyauza ghala za majirani zikiisha. Hesabu hiyo ni nzuri, mradi nafaka ikaushwe hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 na kuhifadhiwa katika magunia yasiyopitisha hewa. Gunia lililoota kuvu hubeba sumu, na haliuziki wala halifai kuliwa. Dumuzi nao hawasubiri bei ipande.

Hatua ya 6: Sasa dola. Mnamo Januari 2024 dola moja ilifikia takriban shilingi 160, na watu wakaikimbilia kwa hofu kwamba Kenya ingeshindwa kulipa hatifungani (hati ya deni la Serikali) ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni. Februari Serikali ikakopa upya na kununua sehemu ya deni hilo, hofu ikapungua, na kabla ya katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu 130. Aliyenunua kileleni alipoteza karibu moja ya tano ya fedha zake, huku hati za Hazina wakati huo zikilipa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka. Kwa maoni yangu, dola zinamfaa mwenye matumizi ya dola: mzazi wa mwanafunzi aliye ng'ambo, au mfanyabiashara anayeagiza vipuri. Huyo anunue kidogo kidogo kila mwezi, na kabla ya kutoa fedha aulize bei mbili, ya kununua na ya kuuza. Duka la kubadilisha fedha likikuuzia dola kwa 132 na kuinunua kwa 127, shilingi imedhoofika kwako kabla hujatoka mlangoni.