Somo: kubandika taili mpya juu ya taili za zamani ukutani

Wakuu habari zenu. Kama taili za bafuni au jikoni zimechoka kwa sura ila bado zimeshika, sio lazima ubomoe na kujaza kifusi nyumba nzima, unabandika mpya juu yake na kazi inadumu. Sharti ni kwamba za zamani ziwe zimekamata ukuta kisawasawa, maana mzigo wote zitaubeba zenyewe.

1. Gonga. Chukua mpini wa bisibisi gonga taili moja moja. Inayolia kama debe tupu ing'oe, pengo lizibe kwa plasta lilingane na zingine. Kama nusu ukuta inalia hivyo acha kabisa, bomoa.

2. Osha kwa sabuni ya unga na maji moto, hasa jikoni, mafuta yatoke. Silikoni ya zamani kwenye kona ikwangue yote.

3. Kwaruza. Hapa ndipo mafundi wengi wanaruka na ndipo kazi inapoharibika. Shika grinda yenye disiki ya almasi, chora mistari ya juujuu inayokatana uso mzima mpaka ule mng'ao upotee, usikate taili. Vaa barakoa na miwani jamani, lile vumbi linaua mapafu. Ukimaliza futa kwa sponji mbichi, acha pakauke.

4. Gundi. Uji wa simenti HAPANA. Uso wa taili haunyonyi maji, kwahiyo simenti inakaukia juujuu tu, siku moja taili inadondoka na simenti yake mgongoni. Nunua gundi ya mfuko iliyoandikwa C2TE: T ni haitelezi ukutani, E inakupa muda zaidi kabla haijakauka. Na taili usiziloweke kwenye ndoo kama tulivyozoea kwa simenti.

5. Bandika. Funga ubao ulionyooka kwa pimamaji uanzie msitari wa pili kutoka chini, paka gundi kwa mwiko wa meno, gandamiza, weka spesa (vile vipande vidogo vya kuachanisha taili). Mara mojamoja bandua taili uangalie mgongo, kama gundi haijaenea ongeza. Viungo vipya visikae juu ya vya zamani. Kesho yake piga grauti (ile ya kujaza nafasi kati ya taili), ila kwenye kona weka silikoni.

MASWALI

Mkuu, swichi na soketi si zitazama ndani?
Zitazama ndio. Zima umeme kwenye meini swichi, legeza kava, taili iingie nyuma yake, halafu urudishie kwa skrubu ndefu zaidi. Koki nazo zinataka kiungio cha kurefusha, nunua kabla hujaanza.

Ukuta wangu ni wa jipsamu, inawezekana?
Sikushauri ndugu. Bodi ya kawaida isiyopigwa skimu (plasta nyembamba ya juu) inahesabiwa kubeba kilo 32 kwa mita ya mraba pamoja na gundi, tabaka mbili za taili zinafika hapo upesi sana. Toa za zamani.

Sina grinda, msasa unafaa?
Unafaa ila uwe ule mkali, namba 40 au 60, na mkono utachoka. Kwa ukuta mzima bora ukodi grinda. Ukipata praima (ya kupaka kabla ya gundi) yenye mchangamchanga ndani paka baada ya kukwaruza, inaongeza mshiko.