SOMO: Chama cha watathmini (wanaopima kama miradi na sera zimeleta matokeo) kushirikiana na vyama vya nchi nyingine

Wakuu, swali la "tunaanzaje kushirikiana na wenzetu wa nje" nimelijibu hadi vidole vimechoka. Nabandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Niko Kampala, kwa hiyo mifano ni ya Uganda na majirani.

1. Usajili, katiba, orodha ya wanachama waliolipa ada, akaunti ya benki. Kama havipo, anzeni navyo.

2. Jueni ngazi. Kitaifa tuna Uganda Evaluation Association. Afrika kuna AfrEA, jumuiya ya vyama vya tathmini barani, iliyoanzia Nairobi mwaka 1999. Mkutano wake wa 2017 ulifanyika hapahapa Kampala. Kidunia kuna IOCE, shirika la kimataifa la ushirikiano katika tathmini, lililozinduliwa Lima, Peru, mwaka 2003, ambalo wanachama wake ni vyama, si mtu mmojammoja. EvalPartners, mpango wa kidunia wa kukuza uwezo wa tathmini, ilikuja 2012, IOCE ikishirikiana na UNICEF. Ila msiwaruke Wakenya na Watanzania mkakimbilia huko juu.

3. Chagueni kazi moja ndogo yenye tarehe ya mwisho. Mathalani, wazoefu wa chama kimoja wasome rasimu za ripoti za vijana wa chama kingine kwa miezi mitatu. "Kukuza utamaduni wa tathmini Afrika Mashariki" si kazi, hiyo ni hotuba ya mgeni rasmi.

4. Kazi ishikwe na cheo, isishikwe na mtu. Hapa someni taratibu. Wenyeviti wawili hukutana kwenye kongamano, wakaelewana, wakapeana namba, na kuanzia siku hiyo ushirikiano wote unakaa ndani ya simu mbili. Uchaguzi ukifika, mmoja anatoka. Wenzake wa ng'ambo wanaandika, barua inaangukia kwa mtu ambaye hata vikaoni haji tena. Wanangoja, wanaona wamedharauliwa, wananyamaza. Hakuna aliyegombana na mtu, na mambo yamekwisha. Kwa hiyo barua pepe iwe ya chama, na nywila iwe kwa katibu na mweka hazina. Kila upande utoe watu wawili, mmoja wao asiwe kiongozi wa kuchaguliwa. Kumbukumbu za vikao zitunzwe pande zote mbili.
ONYO: mshauri wa mradi wa mfadhili asiwe ndiye kiungo chenu. Mradi ukifungwa, anaondoka na majalada yote.

5. Hati ya makubaliano ije baada ya kazi ya kwanza. Kurasa mbili zinatosha: nani afanye nini, nani alipe nini, inaisha lini, mkitofautiana mtaamuliwa na nani.

6. Andikeni taarifa, isomwe kwenye mkutano mkuu.

MASWALI

Mwanachama, Mbarara: Mkuu naomba namba ya mfadhili.
Jibu: Hatua ya 3. Kazi kwanza.

Mwanachama, Jinja: Naweza kujiunga IOCE mimi binafsi?
Jibu: Hatua ya 2. Wewe jiunge na chama cha taifa.

Mwanachama, Kampala: Unajifanya mjuzi. Sisi tulisaini hati ya makubaliano kwanza na mambo yanaenda vizuri.
Jibu: Hongereni. Taja kazi moja iliyofanyika tangu msaini, niibandike hapo juu kama mfano. Nangoja.

Mwanachama, Gulu: Asante kwa somo. Sisi tunaandaa bajeti ya mafunzo na wenzetu wa Nairobi na Dar. Kuna la kuangalia?
Jibu: Swali zuri, dada. La kwanza, msiandike "Sh 500,000" mkaiacha hivyo. Nchi zote tatu zina shilingi, kila mmoja atasoma ya kwao, na ya Kenya ina thamani zaidi ya mara 20 ya yetu. Andikeni UGX, KES, TZS kwenye kila mstari, na siku mliyochukua kiwango cha kubadilishia. La pili, gharama za benki za kutuma fedha nje ziwe na mstari wake, la sivyo mkufunzi atapokea pungufu na lawama itakuja kwenu. La tatu, kikao cha mtandaoni: mkimwalika na mtu wa Kigali, yeye yuko nyuma yetu kwa saa moja. Mwaliko ukisema "saa 8" tu, kuna atakayeingia asubuhi na atakayeingia mchana. Andikeni "saa nane mchana, saa za Kampala".

Mwanachama, Mbale: Wizara yetu inaona vyama hivi ni klabu ya kunywa chai. Tuwaambieje?
Jibu: Nendeni na karatasi mbili. Azimio la Umoja wa Mataifa namba 69/237, lililopitishwa Desemba 2014, linahusu kujenga uwezo wa nchi katika tathmini. Na serikali yetu yenyewe ina sera ya ufuatiliaji na tathmini ya sekta ya umma ya mwaka 2013. Ofisa akiona sera ya serikali yake, husikiliza.

Mwanachama, Gulu: Na safari? Kitambulisho cha taifa kinatosha?
Jibu: Kenya na Rwanda kinatosha. Tanzania beba pasipoti.

Mwanachama, Tororo: Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano! Ukitoka Uganda, Tanzania wanaidai.
Jibu: Kweli kabisa, asante. Chanjeni siku kumi kabla ya safari au zaidi. Siku kumi zisipotimia tangu mchanjwe, kadi haijaanza kutambulika.

Mwanachama, Mbarara: Basi hata barua pepe ya mfadhili?