Kuchagua na Kutunza Pumba za Mahindi kwa Ajili ya Mifugo

Mahindi yanapokobolewa ili kupata sembe, ganda la punje huondoka pamoja na kiini na chembechembe za wanga, na mchanganyiko huo ndio pumba. Kwa kuwa kiini ndicho chenye mafuta mengi na sehemu kubwa ya vitamini, pumba nzuri ni chakula cha thamani kwa mifugo. Lakini mafuta hayo hayo ndiyo huzifanya ziharibike upesi kuliko punje nzima.

Kabla ya kulipa, fungua gunia na uchote pumba za katikati na za chini, kwa maana zile za juu mara nyingi huwekwa kuvutia macho. Zifinye kiganjani: zilizokauka huachana mara unapofungua mkono, ilhali zenye unyevu hubaki bonge. Zinuse pia, na uzikatae zikiwa na uvundo au harufu ya mafuta yaliyochacha. Kisha koroga konzi moja katika glasi ya maji na uache yatulie. Mchanga utazama chini kabisa, na maganda ya mpunga au vumbi la mbao, ambavyo baadhi ya wauzaji huongeza ili gunia lijae, vitaelea.

Jambo la kuogopa zaidi ni sumukuvu, iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu. Sumu hii hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, hivyo ukoboaji huihamishia kwenye pumba, na kuzianika hakuiondoi. Ng'ombe akiila, sehemu yake hutokea katika maziwa wanayokunywa watoto. Kwa sababu haionekani kwa macho, ni heri kununua kwenye mashine unayoijua, ambako unaweza kuyakagua mahindi kabla hayajakobolewa.

Nyumbani, panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, na usinunue zaidi ya mahitaji ya wiki mbili au tatu.

Kuku wa mayai asilishwe pumba pekee, kwani protini yake ni takribani asilimia 10 tu na kalsiamu ni kidogo mno. Changanya na mashudu ya alizeti, dagaa na chokaa ya mifugo. Ng'ombe wa maziwa aanzishiwe kiasi kidogo kinachoongezwa siku hadi siku, huku majani yakibaki kuwa chakula chake kikuu, maana wanga mwingi wa ghafla huchachusha tumbo.