Somo: Kuimarisha fremu ya mbele ya Camaro ya 1967–1969 kwa kuchomelea

Wakuu, wenye magari ya Kimarekani ya Camaro na Firebird ya 1967 hadi 1969 mnaijua hali hii. Injini imeongezwa nguvu, matairi ni mapana, lakini ukiingia kona kwa kasi usukani unajibu kwa kuchelewa, na pengo kati ya fenda na mlango halikai sawa. Wengi hukimbilia kubadilisha stelingi boksi, yaani boksi la gia za usukani. Kabla ya hapo, lala chini ya gari uitazame fremu yenyewe.

Magari haya nyuma hayana chesi. Bodi ndiyo inayobeba mzigo. Mbele kuna fremu fupi iliyofungwa kwenye bodi kwa bolti, katikati kukiwa na bushi za mpira, nayo imebeba injini, giaboksi, suspensheni na stelingi. Chevrolet Nova kuanzia 1968 ina mpangilio wa namna hiyo hiyo. Mihimili ya fremu ni mabamba yaliyokunjwa na kupandanishwa, kisha kiwanda kikachomelea vipande vipande na kuacha mapengo katikati ya mshono. Kwa matairi membamba ya enzi zile ilitosha. Matairi ya leo yanashika barabara kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo yote inaishia kwenye mishono hiyo.

Kuchomelea mapengo hayo si kazi ngumu. Ugumu ni kuhakikisha fremu inabaki imenyooka. Fremu laini iliyonyooka inaendesheka. Fremu ngumu iliyopinda haitakaa sawa hata ukiipeleka kupima magurudumu kila wiki. Kwa hiyo somo hili lina vipimo vingi kuliko moto.

Hatua ya 1: Pima kabla hujafungua chochote

Weka gari mahali tambarare. Dondosha timazi kutoka kwenye matundu ya bolti za fremu, kushoto na kulia, mbele na nyuma, uweke alama sakafuni kwa chaki. Sogeza gari, kisha pima mishazari: mbele kushoto hadi nyuma kulia, na mbele kulia hadi nyuma kushoto. Vipimo hivi viwili vinatakiwa kulingana. Tofauti ikizidi mm 3 hivi, fremu imeshapigwa au imehama, na inyooshwe kwanza. Ukiimarisha fremu iliyopinda, unaufunga upinde ndani yake.

Andika namba zote kwenye karatasi. Utazihitaji tena mara nyingi.

Hatua ya 2: Shusha fremu

Chomoa betri. Toa injini na giaboksi, fungua mabomba ya breki na ya mafuta, na uyazibe. Springi za mbele zimebanwa kwa nguvu inayoweza kuua: tumia kifaa cha kubania springi na jeki chini ya mkono wa chini wa suspensheni, na usisimame mbele yake. Bodi ikae kwenye stendi imara nyuma ya sehemu zinapofungwa bolti za fremu.

Inawezekana kuchomelea fremu ikiwa bado kwenye gari, lakini siipendekezi. Mishono ya juu huifikii, na utachomelea ukiwa chali huku cheche zikikudondokea usoni.

Hatua ya 3: Safisha hadi chuma cheupe

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Grisi na uchafu wa miaka 50 haukai nje tu, umejaa ndani ya mhimili. Ukianza kuchoma, joto linayavuta mafuta yale yatoke kwenye mshono na mchomeo unajaa vitundu. Ukiweza, peleka fremu ikapigwe mchanga. Kama huwezi, osha ndani kwa maji ya moto yenye presha, kausha, kisha pitisha grainda yenye brashi ya waya kando ya kila mshono, upana wa sentimita 3 kila upande.

Onyo moja, na tafadhali lichukuliwe kwa uzito: usisafishe kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini halafu ukachomelea. Ikikutana na joto na mwanga wa arki hutoa fosjini, gesi ya sumu ambayo hata kidogo chake kinaumiza mapafu. Asetoni inatosha, nayo ikauke kabisa kabla ya kuwasha mashine.

Chuma kikishakuwa cheupe, tafuta nyufa. Angalia zaidi kuzunguka matundu matatu ya bolti za stelingi boksi, na kwenye maungio ya mhimili na boriti ya kati, ile inayounganisha mhimili wa kushoto na wa kulia. Ufa ukipatikana, toboa tundu dogo la mm 3 mwisho wake ili usiendelee, uchonge kwa grainda uwe kama herufi V, ndipo uchomelee.

Hatua ya 4: Funga fremu isicheze

Ifunge kwa bolti kwenye meza nzito ya chuma au kwenye boriti mbili zilizosawazishwa, ukitumia matundu yale yale yanayoifunga kwenye bodi. Pima mishazari tena. Ikilingana na karatasi yako, endelea.

Hatua ya 5: Chomelea kwa vipande vifupi

Natumia mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe huku gesi ikiukinga mchomeo, waya wa mm 0.8 aina ya ER70S-6, na gesi ya mchanganyiko wa argoni asilimia 75 na kabonidioksidi asilimia 25. Jaribu kwanza kwenye mabaki ya chuma cha unene ule ule, ukate katikati uone kama moto umepenya.

Mchomeo ukipoa hujikunja na kuvuta chuma upande wake. Ndiyo maana hatuchomi mshono mzima kwa mkupuo. Piga kipande cha mm 25 mbele kushoto, hamia nyuma kulia, rudi nyuma kushoto, nenda mbele kulia. Kisha chini, kisha juu. Usirudi jirani na kipande cha mwanzo mpaka chuma kiwe cha kushikika kwa mkono. Usimwagie maji. Kila baada ya mzunguko, shika tepu upime mishazari. Ikianza kuachana kwa milimita moja, vipande vinavyofuata viende upande wa pili.

Hatua ya 6: Mabamba ya kuongeza nguvu

Si kila mahali panahitaji bamba. Weka panapobeba mzigo: kwenye stelingi boksi, chini ya mikono ya suspensheni, na kwenye kona za boriti ya kati. Bamba lisizidi unene wa chuma cha fremu. Likiwa nene mno, fremu itapasuka pembeni mwa bamba, pale ugumu unapoishia ghafla. Kona zake zichongwe mviringo, na ncha zikatwe mshazari, mchomeo usikate mhimili kwa mstari mmoja wa wima.

Kwenye stelingi boksi, ingiza vibomba vya chuma ndani ya mhimili, bolti zipite katikati yake, na uvichomelee pande zote mbili. Bila hivyo, ukikaza bolti unaubana mhimili unakuwa bapa. Matundu ya kutolea maji yaachwe wazi yote.

Hatua ya 7: Kumalizia

Praima, rangi, kisha nta ya kuzuia kutu ndani ya mihimili. Nta iwe ya mwisho, kwa sababu inawaka moto. Wakati wa kurudisha, tumia matundu ya kulenganishia yaliyopo kwenye fremu na bodi, pima mishazari na bodi, ndipo ukaze bolti kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu cha gari lako.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Kwa nini nisifunge mshono wote, nisiache pengo?

Jibu: Unaweza kuufikia wote mwishoni, mkuu, kwa kujaza mapengo taratibu. Ila kwa gari la barabarani vipande vya mm 25 vyenye mapengo ya kadiri hiyo vinatosha, na joto ni kidogo. Gari la mashindano ndilo ningefunga lote.

Swali: Nina mashine ya fimbo tu. Inafaa?

Jibu: Inafaa ukiwa na mkono mzuri. Elektrodi ya mm 2.5, E7018 iliyo kavu kabisa. Joto lake ni kubwa, kwa hiyo subiri zaidi kati ya kipande na kipande. Kama hujawahi kuchomelea chuma kinachobeba uhai wa mtu, safisha fremu mwenyewe na uipeleke kwa fundi mwenye uzoefu amalizie.

Swali: Kaka, mimi nina Mustang ya 1966. Nifuate hatua hizi hizi?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mustang hiyo haina fremu ya mbele ya kufungua. Springi zinakaa kwenye minara iliyo sehemu ya bodi. Kwako anza na bano la kuunganisha minara na ukuta wa injini, na lile linalounganisha mnara na mnara. Mwenye Challenger au Barracuda ya 1970 hadi 1974 ndiye ana boriti ya mbele ya kufungua, na mishono yake huimarishwa kwa njia hii.

Swali: Nikishaimarisha, bushi za mpira nizibadilishe na za alumini?

Jibu: Ndiyo, vinginevyo fremu ngumu itaendelea kucheza juu ya mpira. Hakikisha kimo chake ni kile kile cha bushi za kiwanda, la sivyo fenda na milango haitakutana. Kelele ndani zitaongezeka kidogo. Na kabla ya kununua, gonga kwa nyundo sakafu inaposhikia bolti za nyuma. Ikilia kama bati bovu, kutu imeshaila, na hapo kata uweke chuma kipya kwanza.