Mzazi wa nyumbani anayeogopa usukani: pa kuanzia

Mtu wa kazini akiogopa kuendesha gari, hofu yake inamdai kila asubuhi. Sisi tunaoshinda nyumbani na watoto hakuna anayetudai. Siku ya kliniki mwenzako anaomba ruhusa awapeleke, mtoto akialikwa mahali mnaomba lifti, mvua ikitanda mnasema kesho. Kila ukikwepa safari unapata nafuu papo hapo, na mwili unashika somo moja tu: nafuu inapatikana kwa kukwepa. Ndiyo maana hofu hii inazidi kukua ndani ya nyumba bila mtu kuishtukia. Mimi ni baba wa nyumbani, na leseni yangu ilikaa muda mrefu sana kwenye droo moja na kadi za chanjo.

Anza kwa kuandika unaogopa nini hasa. "Naogopa kuendesha" ni neno pana mno, huwezi kulifanyia kazi. Mimi kasi haikuwa shida yangu. Nilichokiogopa ni ile kona ya kukata njia ya magari yanayokuja mbele yangu, huku nyuma kuna mtu anapiga honi, halafu gari linizimikie pale pale katikati. Mwingine anaogopa malori, mwingine giza, mwingine macho ya watu anapopaki. Kila moja ina dawa yake. Anayeogopa gari kuzimika anahitaji kukaa na klachi kwenye uwanja mtupu hadi mguu uizoee, au ahamie gari la otomatiki yaishe. Mahubiri ya ujasiri hayamsaidii kitu.

Ukishaandika, panga kuanzia linalokutisha kidogo hadi linalokukosesha usingizi. Njia hii ni ya zamani. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alieleza habari za mtoto mmoja, anamwita Peter, aliyekuwa akiogopa sungura. Sungura aliletwa akiwa ndani ya tundu, mbali, wakati mtoto anakula kitu anachokipenda. Kila mara alisogezwa karibu kidogo, hadi mtoto akawa anamshika mwenyewe. Mzazi yeyote aliyewahi kumzoesha mtoto maji ya kuoga anaijua kazi hii. Sasa jifanyie wewe.

Ngazi ya kwanza ni kukaa tu ndani ya gari, injini imezimwa. Usiidharau, maana hapa ndipo pa kurekebisha mkao, na waoga wengi tunakaa vibaya. Kanyaga klachi hadi mwisho, au breki kama gari ni otomatiki: goti libaki limekunjika kidogo. Egemeza mgongo wote kitini, nyoosha mkono juu ya usukani: kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila bega kubanduka kitini. Kifua kiwe mbali na usukani angalau sentimita 25. Vioo vya pembeni vikuonyeshe ubavu wa gari lako kidogo sana, sehemu iliyobaki iwe barabara. Mwoga hujikunja mbele na kukodolea boneti, na kila kitu kinaonekana kumrukia. Ukiwa kwenye kasi ya kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo kutazama boneti ni kutazama mahali ambapo umeshapita. Peleka macho mbali.

Kisha washa injini ukae nayo. Kisha mbele na nyuma mahali palipo wazi. Kisha mzunguke mtaa wenu, njia ile ile, hadi ikuchoshe. Kuchoka ndiko tunakokutafuta. Usipande ngazi nyingine mpaka hii ya sasa imekuwa kazi ya kupiga miayo. Zile kona ngumu zikwepe mwanzoni kwa kuchagua njia ya mzunguko, ila ziandike kwenye orodha, zamu yao itafika.

Muda ndio kitendawili cha mzazi wa nyumbani. Mtoto mdogo haachwi nyumbani peke yake hata kama amelala, wala haachwi ndani ya gari lililofungwa, linapata joto upesi hata siku ambayo jua si kali. Mimi nilipata mwanya alfajiri, kabla mke wangu hajaondoka kwenda kazini kwake, wakati barabara bado tupu. Dakika 15 mara nyingi kwa wiki zinafaa kuliko saa mbili za Jumapili moja kwa mwezi.

Na wa kukaa pembeni yako, tafadhali, asiwe mwenzi wako. Wangu anashika mpini wa mlango na kuvuta pumzi kwa ndani kila nikikaribia makutano, na pumzi ile inanitisha kuliko lori. Tafuta mwalimu mwenye gari lenye pedali za ziada upande wake, umwambie mlangoni kabisa: leseni ninayo, ujasiri ndio sina. Akicheka, tafuta mwingine.

Hofu itapanda ukiwa barabarani, hilo lijue mapema. Moyo unakimbia, viganja vinatoka jasho, paja linatetemeka juu ya klachi. Ni adrenalini, homoni ambayo mwili huimwaga ukiogopa. Kwa kawaida inafika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha inashuka yenyewe. Ikikuzidi, ingia pembeni mahali salama, washa taa za hazadi (zile za tahadhari zinazomweka pande zote mbili), vuta hendibreki, toa pumzi taratibu kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Usirudi nyumbani ikiwa bado juu. Ngoja ishuke, kisha endesha tena, hata kama ni hadi kona inayofuata. Kilichonisaidia kuliko vyote ni kusema kwa sauti ninachokiona: "Taa nyekundu. Pikipiki kulia. Mama anavuka." Mdomo ukiwa na kazi, akili haipati nafasi ya kubuni ajali.

Dereva anayekubana kwa nyuma usimkimbie. Ongeza nafasi kati yako na gari la mbele, ibaki angalau sekunde mbili, na mvua ikinyesha iwe mara mbili yake, halafu mpe njia apite.

Mtoto anaingia garini mwishoni. Kabla ya hapo jizoeze kumfunga mikanda ya kiti chake gari likiwa limesimama, bila haraka, hadi vidole vijue vyenyewe. Kiti kikae nyuma. Kile kinachomwelekeza mtoto kinyume na mwendo kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) inayofanya kazi. Safari ya kwanza iwe njia uliyokwisha kuichoka, mtoto ameshiba na amebadilishwa nepi, na mnakoenda hakuna miadi. Atalia. Mtoto anayelia akiwa amefungwa vizuri yuko salama, kwa hiyo usigeuke, wala usiokote kilichoanguka. Sema, "Nakusikia, nikisimama nakuja," halafu timiza. Wangu aliwahi kuniuliza, "Baba, unaogopa?" Nikamjibu, "Kidogo, ndiyo maana naenda polepole." Akaendelea na mambo yake.

Ziko siku za kutoendesha ambazo hazihusiani na woga: umekesha na mtoto, au umemeza dawa ya mafua inayoleta usingizi. Na ikiwa uliwahi kupata ajali na inakurudia ndotoni, au hofu inakushika hata ukiwa jikoni, au umejifungua karibuni na wasiwasi haukupi usingizi hata mtoto anapolala, muone daktari au mtaalamu wa saikolojia. Tiba ipo, na huko si mahali pa kujizoesha peke yako.

Ngazi moja watu huisahau kabisa: kituo cha mafuta. Unaweza kuendesha mji mzima ukakwama pale kwa kutojua kifuniko cha tangi kiko upande gani. Kwenye magari mengi, pembeni ya alama ya pampu kwenye dashibodi, kuna kimshale kinachoelekea upande wa kifuniko. Nenda mara ya kwanza tangi likiwa nusu, saa isiyo na foleni, mtoto ukimwacha na mtu mzima nyumbani.