Namna ya Kumwezesha Mraibu wa Heroini Kudumu katika Tiba ya Methadoni

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofungua kliniki yake ya methadoni (dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini) mwezi Februari 2011, ikafuatiwa na Mwananyamala, Temeke, Zanzibar, Mbeya, Mwanza na kwingineko, kazi ya kumwandikisha mraibu imekwisha kuzoeleka; iliyobaki ngumu ni kumwona bado yupo mwaka wa pili na wa tatu. Kwa maoni yangu, wengi wanaoacha tiba mapema hawakupungukiwa na nia. Walishindwa na dozi isiyowatosha au na nauli ya kila siku, na yote mawili yanarekebishika.

Anza na dozi. Siku ya kwanza hutolewa kiasi kidogo, kwa kawaida miligramu 20 hadi 30, kwa sababu methadoni hutoka mwilini taratibu, dozi ya leo ikakuta mabaki ya jana, na anayepandishiwa kwa pupa anaweza kusinzia asiamke. Hata hivyo, tahadhari hiyo ya majuma ya mwanzo isigeuzwe kuwa kiwango cha kudumu. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120, na yule aliyesahauliwa kwenye 40 kwa kuwa tu halalamiki ndiye anayerudi maskani kutumia heroini jioni.

Ukimuuliza anaendeleaje, atakujibu "salama" na kuondoka. Muulize anaamkaje saa kumi na moja alfajiri. Akisema anapiga miayo, kamasi zinamtiririka, vinyweleo vimemsimama na usingizi ulikatika usiku wa manane, basi dozi haimfikishi asubuhi na arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, imeanza kabla hajatoka nyumbani. Daktari aarifiwe siku hiyohiyo. Ikiwa, kinyume chake, anasinzia saa tatu au nne baada ya kunywa, huenda dozi imezidi, au ameichanganya na pombe au diazepamu (dawa ya kutuliza), mchanganyiko ambao hudhoofisha pumzi hadi kuua.

Angalia pia dawa nyingine anazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu huharakisha kuvunjwa kwa methadoni mwilini, kiasi kwamba mtu aliyetulia kwa miezi mingi anaweza kurudiwa na arosto ndani ya juma moja au mawili ilhali anakunywa kiasi kilekile. Efavirenzi na nevirapini, dawa za virusi vya UKIMWI, hufanya hivyo pia, na vilevile dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini. Mhudumu asiyejua hili atamshuku mgonjwa kuwa anadanganya. Dozi ipandishwe kwa kipindi hicho, na ipunguzwe tena taratibu baada ya dawa za kifua kikuu kumalizika. Hatua hii ya pili ndiyo husahaulika zaidi, nayo ina hatari yake.

Jambo la kufika kliniki kila siku linataka mipango ya kawaida kabisa. Mvuvi, kibarua wa ujenzi na mama ntilie hawawezi kusubiri foleni hadi saa nne, kwa hiyo dirisha la dawa lifunguliwe mapema, na mwenye kazi apewe dawa yake, ainywe mbele ya muuguzi, aseme maneno mawili matatu kuthibitisha kuwa amemeza, aende zake. Kwa wanaofunga, saa za mwezi wa Ramadhani zipangwe kabla mwandamo haujaonekana. Anayesafiri kwa msiba mkoani apewe barua inayoonyesha dozi yake na tarehe aliyokunywa mara ya mwisho, ili apokelewe katika kliniki ya huko ikiwa ipo. Mjamzito asikatishwe tiba. Miezi ya mwisho huenda akahitaji kuongezewa dozi au kugawiwa mara mbili kwa siku.

Asiyeonekana siku moja apigiwe simu kesho yake, na mwelimishaji rika anayemfahamu ndiye anayefaa kumtafuta kijiweni. Mweleze tangu siku ya usajili kwamba akikosa siku tatu mfululizo hatarudishiwa dozi nzima, kwa kuwa ustahimilivu wa mwili hushuka, bali ataanzishwa chini na kupandishwa upya. Asiyejua utaratibu huo hudhani anaadhibiwa, akajificha. Kipimo cha mkojo kinachoonyesha heroini nacho ni sababu ya kupitia dozi upya. Kumfukuza mtu kwa ajili hiyo ni kumpeleka kwenye hatari, kwani majuma manne ya mwanzo baada ya kuacha tiba ndiyo yenye vifo vingi kuliko kipindi kinachofuata.

Ndugu nao hawakosi kuuliza, mara nyingi mbele ya mgonjwa mwenyewe: "Hiyo dawa ataiacha lini?" Wajibiwe kwamba tiba hii haina tarehe ya mwisho, na kwamba shinikizo la nyumbani limewatoa wengi kliniki wakiwa bado hawajawa tayari. Mgonjwa mwenyewe akitaka kupunguza, baada ya kukaa muda mrefu bila heroini na akiwa na makazi na shughuli, ashushwe kidogokidogo kwa miezi mingi, kila hatua ikisubiri mwili utulie. Hamu ya unga ikirejea, arudishwe kwenye dozi iliyotangulia bila kusimangwa.